Tunaanzisha mfuko wa kusaidia majirani waliokwama, Tanga mjini. Tuupange vipi usife?

mwana_makorora

Wakuu, habari za leo. Hapa Makorora tumekubaliana watu 24 kuchanga 5,000 kila mwezi tuwasaidie majirani wanaokwama: kodi ya chumba imewashinda, umeme umeisha na hela hakuna, mgonjwa kaandikiwa dawa hana cha kununulia, mtoto anaingia shule bila sare. Si kikoba wala mchezo, anayechanga harudishiwi chake. Tuna walimu, mafundi, wauzaji wa sokoni na wavuvi wa kule pwani ya Deep Sea.

Tunabishana mambo manne. Tumpe mtu fedha mkononi au tulipe sisi? Iwe msaada au mkopo usio na riba, ili mfuko uzunguke? Usajili tuanzie ofisi gani? Na la mwisho ndilo gumu: tutamchaguaje wa kusaidiwa bila kumdhalilisha, na bila viongozi kuwapendelea ndugu zao? Anayejua namna mifuko hii inavyoendeshwa atupe mambo yenyewe, tafadhali.

hesabu_za_mtaa

Ndugu, anza na hesabu. 24 mara 5,000 ni 120,000, lakini usipangie hiyo. Kila mwezi kuna watakaochelewa, kwa hiyo pangia watu 20, yaani 100,000. Toa 30,000 iwe akiba isiyoguswa mpaka ifike sawa na michango ya miezi mitatu. Zinabaki 70,000. Wekeni kikomo cha 35,000 kwa kaya, na kaya moja isisaidiwe zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Maana yake mnaweza kubeba kaya mbili kwa mwezi kwa uhakika. Ni chache, ndiyo, ila mtaa ukijua mapema kwamba ni mbili hautalalamika kama pale mlipoahidi kumi mkatoa nne. Mifuko mingi ya mitaani huua jina lake kwa ahadi hata kabla fedha haijaibwa.

Tena msigawe sawasawa kwa miezi yote. Shida za Tanga zina majira. Januari ni sare, viatu na madaftari. Masika, Machi mpaka Mei, mafundi ujenzi na vibarua wa saruji na kokoto hukaa siku nyingi bila kazi. Kusi likishika, vyombo vidogo haviendi mbali. Hata ndani ya mwezi mmoja wavuvi wa dagaa wana siku zao za njaa, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti dagaa, na kaya inayoishi kwa mgawo wa chombo inakuwa haina kitu. Mkijua hivyo, Agosti mpaka Novemba toeni kidogo ili Januari mwe na kitu.

Kuhusu kulipa, lipeni penye deni lenyewe. Kodi kwa mwenye nyumba, dawa kwa duka la dawa baada ya kuona karatasi ya daktari, sare kwa fundi cherehani. Mnabaki na risiti, na aliyesaidiwa hapati vishawishi vya watu wanaojua leo kashika hela.

LUKU, umeme wa kulipia kabla, ina mitego miwili. Kodi ya jengo hukatwa humo humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mita ikikaa miezi minne bila kununua, makato ya miezi yote minne yanasubiri, na mkinunua umeme wa 5,000 mnaweza msione uniti hata moja. Waulizeni mara ya mwisho walinunua lini. Mtego wa pili ni kumnunulia mtu umeme mwingi kwa pupa ya wema. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo hupata uniti kwa bei nafuu mpaka uniti 75 kwa mwezi, na zikizidi hapo bei inapanda sana. Nunueni kidogo kidogo. Na nyumba ya kupanga yenye mita moja kwa vyumba sita, kwanza jueni wanachangiana vipi, la sivyo mtakuwa mnawashia umeme wapangaji wote huku mliyemlenga bado anadaiwa na wenzake.

Mkopo au msaada? Msichanganye. Ukikopesha unaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Vikundi vya kijamii viko daraja la nne, vinasajiliwa kupitia halmashauri, na vinakopesha wanachama wao. Kumkopesha jirani asiye mwanachama ni habari nyingine kabisa. Ukiacha sheria, mkopo kwa mtu ambaye hana kula unamfanya aanze kukukwepa njiani. Jirani akukwepe kwa 20,000! Toeni msaada, na atakayepata nafuu akitaka kurudisha, apokelewe kama mchangiaji wa hiari, asikumbushwe.

dada_ustawi

Naongezea upande ambao vikundi huwa vinausahau. Kabla hamjatoa shilingi, ulizeni kama jambo hilo lina njia ya kulipiwa tayari. Mfuko wenu ni mdogo, usilipe kinachotakiwa kuwa bure.

Matibabu. Katika vituo vya serikali, sera inawapa huduma bila malipo wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwa wengine wasiojiweza kuna msamaha unaoshughulikiwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Mgonjwa akiwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ndugu yake aende ofisi hiyo mapema, mgonjwa akiwa bado wodini, akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kata. Kosa la kila siku ni kusubiri siku ya kuruhusiwa, bili imeshajaa, ndipo watu wanakimbizana na barua Ijumaa jioni ofisi zimefungwa. Kazi ya kujitolea yenye thamani kuliko 35,000 ni mtu wenu mmoja kumsindikiza yule ndugu asubuhi. Fedha za mfuko ziende kwenye kile ambacho msamaha haufiki: dawa isiyopatikana dirishani ikabidi inunuliwe nje, nauli, na chakula cha anayeuguza.

Shule. Ada ya msingi mpaka kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita ikafuata 2022. Kwa hiyo mzazi akisema "ada" kwa shule ya serikali, muulizeni kwa upole ni nini hasa. Mara nyingi ni sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula au nauli ya daladala. Kwa anayeingia kidato cha kwanza, ombeni ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga, mnunue vilivyoandikwa humo tu. Sare mwagizeni fundi Novemba, na vitambaa mchukue kwa jora, maana Januari mafundi wamezidiwa na bei imepanda. Vipimo vichukuliwe kwa kila mtoto, na pindo liachwe refu kidogo liweze kufunguliwa mwaka wa pili.

Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ruzuku ya serikali kwa kaya maskini, isiondolewe kwenye orodha yenu kwa kuwa tu "wanapata". Ruzuku ile ni ndogo na inakuja kwa awamu, haikusudiwi kuzima dharura. Lakini iulizwe, iandikwe.

Sasa uteuzi. Watu watatu wapokee maombi, mmoja wao awe mwanamke mtu mzima ambaye akina mama wanamwendea bila kuona haya. Maombi yaje kwa mdomo au kwa karatasi, msilazimishe fomu ndefu. Maswali matano yanatosha. Mko wangapi na wenye umri gani? Kipato kimekatika lini na kwa nini? Deni ni la nani, na anasubiri mpaka lini? Nani mwingine ameshasaidia? Mwezi ujao mtaishije? La mwisho ndilo linalowatenganisha walioteleza na ambao shida yao ni ya kudumu. Wa kudumu, kama mzee asiye na mtu au mlemavu asiye na wa kumsaidia, waunganisheni na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa sababu mfuko wa dharura utaisha wote hapo.

Kisha kaya ipewe namba, tuseme K-07. Kwenye kikao cha wachangaji inasomwa namba, aina ya msaada na kiasi, jina halitajwi. Daftari lenye majina linakaa kwa mtu mmoja, limefungiwa. Nchi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kumpiga mama picha akipokea unga ukairusha kwenye kundi la WhatsApp hakuna namna ya kukutetea. Tunaishi kwenye nyumba za kupakana ukuta. Mtu akishaonekana kwenye picha hiyo, watoto wake wataisikia shuleni, na jirani wa pili mwenye njaa hataomba kabisa.

Mwanakamati mwenye undugu na mwombaji anatoka nje ya kikao, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa watawasaidia kuthibitisha kwamba mtu anaishi hapo, lakini wasiamue nani apewe. Mkiwapa uamuzi huo, uchaguzi ukikaribia mfuko utaitwa wa chama.

mzee_wa_leja

Usajili: nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha wenye saini, orodha ya wanachama na barua ya mtendaji. Kikundi cha kijamii kinatambuliwa na halmashauri ya jiji, na hiyo inawatosha kufungua akaunti na kupokea mchango wa msikiti, kanisa au duka. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 ni ya mbele huko, mkitaka kuvuka ngazi hii na kuomba fedha za wafadhili. Mkianza nayo, mtakesha kwenye taarifa za mwaka badala ya kwenda kwa jirani.

Katiba iwe kurasa mbili tatu, ila isikose kipengele kimoja: kikundi kikivunjika, fedha iliyobaki inakwenda wapi. Andikeni wazi kwamba haigawanywi kwa wanachama.

Akaunti iwe na watia saini watatu, na fedha itoke kwa wawili. Akaunti ya kikundi ya simu inayodai idhini ya zaidi ya kiongozi mmoja inafaa pia, na ni nyepesi kwa malipo ya 15,000. Mchango usipite kwenye namba binafsi ya mweka hazina hata kwa siku mbili. Hata kama ni mwaminifu wa kuaminika, siku akifariki au simu ikipotea fedha yenu inakuwa mali ya kugombaniwa. Anayepokea ombi asiwe anayelipa, na anayelipa asiwe anayeandika leja. Makato ya miamala yapeni mstari wake kwenye leja, vinginevyo kila mwezi hesabu itapungua kidogo na watu wataanza kuangaliana.

Jambo la zaka, maana kwa Tanga halikwepeki. Mtu akiwaletea zaka, iandikwe kwenye leja yake pekee. Zaka ina makundi nane ya wanaostahiki, miongoni mwao fukara, maskini na wenye madeni, na haiwezi kununua madaftari ya kikundi au kutengeneza choo cha shule. Muulizeni shehe wenu kuhusu jirani asiye Mwislamu. Sadaka ya kawaida haina kizuizi hicho, na hiyo ndiyo muitumie kwa wote. Zakatul fitri nayo ni chakula chenye saa yake: lazima kimfikie mlengwa kabla ya swala ya Idi. Kikifika mchana wa Idi kinahesabiwa sadaka tu, na aliyekitoa hamkumtendea haki.

mpwani_wa_duga

Hamjagusa chakula, na hapo ndipo vikundi vinapokosea vipimo. Watu wanatoa mfuko wa unga kilo 5 kwa kaya ya watu watano wakaona wamesaidia wiki. Mtu mmoja anahitaji kama gramu 400 za nafaka kwa siku, gramu 60 za maharage au kunde, na gramu 25 hivi za mafuta ya kupikia. Watu watano ni kilo 2 za nafaka kila siku. Kilo 5 zimekwisha siku ya tatu mchana.

Kaya ya watano kwa siku 14 inataka unga na mchele jumla kilo 28, maharage kilo 4 na kidogo, mafuta lita 2, chumvi pakiti moja. Kama wengi wao ni watoto wadogo, punguzeni nafaka mpaka kilo 22 hivi, lakini maharage na mafuta yabaki pale pale. Ongezeni sabuni ya kipande, na msisahau kuni au mkaa. Maharage makavu bila mkaa wa kutosha ni mzigo tu, hulowekwa usiku kucha na bado yanataka moto mrefu. Kwa kaya isiyo na mkaa, dagaa wakavu ni bora, hupikika upesi.

Msihifadhi ghala. Joto na unyevu wa Tanga haviachi unga salama, hasa dona, kwa sababu kiini cha mahindi kimebaki ndani na mafuta yake yanachacha. Unga uliovunda au kushika ukungu unatupwa, usipelekwe kwa mtu eti "ataupepeta". Afadhali mpatane na duka moja au mawili ya mtaani. Mnatoa karatasi yenye namba ya kaya, orodha ya vitu na kiasi, mhuri na tarehe ya mwisho. Mwenye duka anahifadhi karatasi, na kila Jumamosi mnamlipa kwa kuzihesabu.

Linaloharibika hapo ni mawili. Mwenye duka anaibadilisha karatasi ya 30,000 kwa 22,000 taslimu, au anapandisha bei kwa kuwa anajua mnalipa ninyi. Dawa yake ni kuandika vitu na uzito badala ya shilingi, na bei mpatane mwanzo wa mwezi. Na msicheleweshe malipo ya duka. Akikaa wiki tatu hajalipwa, atakayeonyeshwa uso ni yule mama.

Pia sikubaliani moja kwa moja na hesabu_za_mtaa. Kulipa penye deni ni kuzuri kwa kodi na dawa, lakini mtu mzima anayejua kuendesha nyumba yake akiwa na 15,000 mkononi hufanya mambo matatu ambayo kamati haikuyawaza: nauli ya kwenda kutafuta kibarua, vocha ya kumpigia tajiri wake, na mtaji wa beseni la mihogo. Mkikataza fedha kabisa mnamwambia hamumwamini.

hesabu_za_mtaa

Hoja yako nimeikubali, kaka. Tengeni sehemu ya 35,000, isizidi 10,000, itolewe taslimu bila kudai risiti, saini tu. Iliyobaki ilipwe penye deni. Ila kwa mwenye deni la mkopo usimpe taslimu, mkopeshaji ataikuta kabla yake.

mwana_makorora

Mmetufungua macho, shukrani sana. Yamebaki mawili yaliyotukaba. Tuna mama mwenye mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa ya mitaani: alichukua 100,000, anadaiwa 130,000 kwa mwezi, na wameshika kadi yake ya benki. Mwingine mwenye nyumba wake anataka kumtoa kwa kodi ya miezi mitatu, na sisi tunaweza ya mwezi mmoja tu.

dada_ustawi

Huyo mama kwanza aende benki yake, aifunge kadi hiyo na aombe nyingine. Kadi ikiwa mikononi mwa mtu mwingine pamoja na namba ya siri, kila kinachoingia kinatoka kabla hajakiona. Hilo lifanyike leo, kabla ya mazungumzo yoyote.

Halafu ombeni kuona mkataba na leseni. Mkopeshaji wa aina hii anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba uliowekwa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 100,000 hiyo ni 3,500, siyo 30,000. Asiye na leseni au mkataba hana ubavu wa kubeba godoro la mtu. Akitishia hivyo, mama aende polisi akiwa na mtu wa kumsindikiza. Mfuko wenu usilipe ile 130,000. Kaeni naye mbele ya mtendaji, hesabuni alichopokea mama na alichokwisha kurudisha, mkubaliane kilichobaki kwenye mtaji. Mkilipa, lipeni siku moja na mpokee karatasi ya kumaliza deni. Malipo ya nusu nusu yanaliwa yote na "faini".

mzee_wa_leja

La mwenye nyumba: msilipe kabla ya makubaliano. Mkimpa ya mwezi mmoja kimyakimya, ataipokea na wiki ijayo atamtoa vilevile, na fedha imekwenda. Nendeni watu wawili, si kumi, mkamsikilize na yeye. Wenye nyumba wengi hapa ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi hiyo hiyo. Mwulizeni anataka nini ili mpangaji abaki siku 60. Mara nyingi ya mwezi mmoja sasa, pamoja na tarehe inayoeleweka ya iliyobaki, inamtosha.

Lipeni kwa simu ili ujumbe wa muamala uwe ushahidi, kisha andikeni nakala tatu, moja ya mwenye nyumba, moja ya mpangaji, moja ya kikundi, na ofisi ya mtaa igonge mhuri. Maneno yawe mafupi: "Nimepokea shilingi ... ikiwa kodi ya mwezi wa ... kwa chumba anachoishi ... Deni lililobaki ni shilingi ... litalipwa na mpangaji kwa mafungu ya shilingi ... kila tarehe ... Sitamtoa wala kupandisha kodi kabla ya tarehe ..." Jina la kikundi lisiwekwe kama mdhamini. Mkiandikwa wadhamini, miezi miwili iliyobaki imeshakuwa deni lenu.